Pafu Lililozama

Mwezi uliopita binti wa kaka yangu alipika pafu nyumbani kwangu. Nilikuwa sebuleni, nikaisikia harufu kabla sijaona kitu, ile harufu ya pafu linapochemka, nzito, yenye kitu cha damu na kitu cha maziwa ndani yake, ambayo nyama nyingine yoyote ya ng'ombe haina. Nikaenda jikoni. Alikuwa anahangaika na mwiko, analikandamiza pafu chini ya maji, linapanda, analikandamiza tena, linapanda tena.

"Shangazi, hili limenishinda," alisema akicheka. "Halitaki kuzama."

Nikamwambia aliache lielee, ni dalili kwamba ng'ombe alikuwa mzima. Kisha nikatoka nje nikakaa, na walipoandaa chakula nikasema sina njaa. Sijala pafu tangu nilipokuwa darasa la nne. Hapa nyumbani wanadhani ni kudeka kwa uzeeni, na mimi nimewaacha wadhani hivyo kwa sababu maelezo yake ni marefu na hayanipambi.

Baba yangu alikuwa mchinjaji wa kijiji. Kijiji chenyewe kilikuwa kipya, upande wa Nkoma. Sote tulikuwa tumehamia pale tukiwa na milango yetu kichwani, nyumba zikapangwa kwa mistari kama matuta ya pamba, na mtu aliyezoea kumwona jirani yake mara moja kwa wiki sasa akawa anamsikia akipiga chafya. Kila Jumamosi asubuhi alichinjwa ng'ombe mmoja. Palikuwa na sakafu ya saruji, nguzo mbili zenye mti uliolazwa juu yake, na hatua chache nyuma palikuwa na shimo la taka. Baba alikuwa mrefu, kifua kipana, na mdomo wake wa utani haukujua kupumzika. Aliniita mayu, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na kwa sababu hiyohiyo aliona haya kunichapa. Mama alisema ndiyo maana niliharibika mapema.

Wenzangu walijifunza mwili wa binadamu ubaoni, kwa chaki. Mimi nilikuwa nimeshaujua pale sakafuni kabla mwalimu hajafika ukurasa ule. Baba alilitoa bomba la pumzi pamoja na mapafu yake yote mawili, akayalaza juu ya gunia safi, akanishika mkono. "Pitisha kidole hapa, mayu." Zilikuwa pete za gegedu, ngumu, zimefuatana moja baada ya nyingine kutoka kooni kushuka kifuani. Lakini kwa nyuma hazikukutana. "Hapo pameachwa laini," alisema, "ili tonge likishuka kwenye njia yake lipate nafasi ya kupita. Wanaishi ukuta kwa ukuta, lazima wapishane." Chini bomba liligawanyika, kila tawi likaingia katika pafu lake, na huko ndani likaendelea kugawanyika na kugawanyika mpaka jicho likashindwa kulifuata.

Tulichokuwa tunakisubiri watoto wote wa kijiji kilikuwa kupuliza. Baba aliifuta ncha ya bomba kwa kiganja, akaweka mdomo, akapuliza. Pafu lililokuwa limelala limesinyaa lilianza kuinuka, likajaa, likaacha rangi ya damu na kuwa la waridi. La mbuzi alilijaza kwa pumzi moja. La ng'ombe lilimchukua pumzi nyingi, na kati ya pumzi na pumzi aliziba bomba kwa kidole gumba huku akitukodolea macho kana kwamba kitu kiko karibu kupasuka. Tulipiga kelele kila Jumamosi, utadhani ndiyo mara ya kwanza.

"Mnadhani pafu lina nguvu?" alituuliza. "Pafu ni mvivu. Halina nyama ya kujiinua. Linasubiri kuvutwa, kama yule mnayemjua kule shamba la ujamaa, anayeegemea jembe mpaka wenzake wamalize mstari." Kisha alituonyesha wanaofanya kazi. Kwanza ile nyama pana na nyembamba inayotenga kifua na tumbo, nyekundu pembezoni na nyeupe katikati, ambayo shuleni niliambiwa baadaye inaitwa kiwambo. Ikishuka, kifua kinapata nafasi na upepo unaingia. Ikilegea, upepo unatoka. Halafu nyama za katikati ya mbavu, tabaka mbili, nyuzi za moja zinaelekea huku na za nyingine kule, moja ya kuinua ubavu na moja ya kuushusha. "Hawa hawajakaa chini tangu huyu ng'ombe alipokuwa ndama," alisema. "Ndiyo maana wanakupa taabu kuwatafuna."

Bwana mifugo, aliyekuja kwa baiskeli kukagua nyama, hakuupenda mchezo ule. "Ndugu, usiweke mdomo hapo kabla sijaangalia," alimwambia mara kadhaa. Baba alimjibu kwamba ameweka mdomo hapo tangu yeye bwana mifugo akiwa ananyonya, na watu wakacheka, na bwana mifugo naye akacheka.

Ukaguzi ulikuwa jambo la haraka. Bwana mifugo aliyachana mapafu kwa kisu chake chembamba, akavikata vitezi vilivyojificha pale bomba linapogawanyika, akageuza ini, kisha akatoa muhuri wake na kuipiga nyama alama ya zambarau kila bega. Muhuri ukishapigwa, foleni ilianza kusogea. Jumamosi moja aliingiza kisu, akasimama. Akakata tena mahali pengine, na safari hii nilikisikia kisu kikikwaruza, kama kimepita kwenye mchanga. Nilisogea. Ndani ya pafu palikuwa na punje, nyingine ndogo kama mtama, nyingine zimeungana zikawa bonge la kitu cheupe kikavu. Alikata kipande akakitupa kwenye ndoo ya maji. Kilikwenda moja kwa moja chini. Vipande vya pafu tulikuwa tukivichezea kwenye ndoo ile miaka yote, na sikuwahi kuona hata kimoja kinazama.

"Huyu hafai," alisema.

Watu walikuwa wamesimama na vikapu na sufuria zao. Mmoja akauliza, "Na paja je? Paja si liko mbali na kifua?"

"Hakuna paja. Ugonjwa umesambaa. Anakwenda ng'ombe mzima."

Baba ndiye aliyeamriwa kumkatakata na kumtupa shimoni. Bwana mifugo alimwaga mafuta ya taa juu ya nyama ili mtu asije akaifukua, kisha udongo ukarudishwa. Ninyi mliokuwa watu wa miaka ile mnakumbuka tabu ya kupata mafuta ya taa. Wapo waliosikitikia mafuta kuliko ng'ombe. Mimi nilisimama ukingoni nikaona pembe moja ikizama kwenye udongo, na harufu ile ikanipanda puani ikakaa siku nzima. Baba alipokuwa ananawa mikono aliniambia, bila utani wowote, "Pafu likiharibika, mayu, hakuna kinachobaki." Niliyashika maneno yale kama nilivyoshika majedwali ya hesabu.

Siwezi kusema alianza kukohoa lini. Ulikuwa msimu wa kuvuna pamba na kila mtu alikuwa anakohoa vumbi. Wengine waliacha mvua ziliponyesha, yeye hakuacha. Halafu siku moja alichinjiwa mgeni mbuzi, watoto tukamzunguka baba kama kawaida, nami ndiye niliyesema, "Baba, puliza." Akafuta bomba, akaweka mdomo. Pafu likainuka pembe moja tu. Akavuta pumzi nyingine, na badala ya kupuliza akakohoa, akakohoa mpaka akashika nguzo, na lile pafu likarudi kulala juu ya gunia.

"Mbuzi huyu ni mkaidi," alisema alipoweza kusema. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, nilijua hakuna mbuzi mwenye pafu kaidi.

Kuanzia hapo nikawa namtazama. Alizoea kukaa kwenye kigoda juani, shati amelivua, na mimi nilijifanya nachambua mchicha huku nasoma kifua chake. Kila alipovuta pumzi, mashimo mawili yalifunguka juu ya mitulinga. Mishipa ya shingo ilisimama. Mabega, ambayo hayana kazi ya kupumua, yalipanda na kushuka. Na kati ya mbavu, pale alipotuonyesha kwa ng'ombe, ngozi iliingia ndani na kutoka, ndani na kutoka. Wale wafanyakazi wake walikuwa wanavuta kwa nguvu zao zote, na kilichokuwa kinavutwa hakikuwa kinakuja. Niliogopa, na sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa kuwa niliona hakuna aliyejua kusoma kile ninachokisoma.

Mama alimpeleka zahanati. Mganga wetu wa pale, tuliyemwita dresa, aliwapa vikopo viwili vyenye vifuniko. Baba akohoe asubuhi kabla hajala, siku mbili mfululizo, makohozi ya kutoka ndani kabisa na si mate. Vikopo vitapelekwa Bariadi vikapimwe. Mama alikuwa anawahi shamba la kijiji, na baba kwa wakati ule alisimama kupumzika mara tatu kabla ya kufika barabarani, kwa hiyo ilikubaliwa kwamba mimi nivipeleke nikienda shule, maana zahanati ilikuwa jirani na shule.

Mchana ule nilimuuliza, "Baba, wanataka nini na makohozi yako?"

"Wanataka kuona pafu langu bila kunichinja."

"Na wakilikuta bovu?"

Alinitazama, macho yake yakafanya vile yalivyofanya anapoziba bomba kwa kidole gumba. "Si ulikuwepo shimoni? Mwambie mama yako aanze kutafuta mafuta ya taa."

"Wewe, mtoto huyo anakusikiliza," mama alisema kutoka jikoni.

Alikuwa anatania. Nilijua ni mtu wa utani, nilimjua kuliko nilivyojua kitu kingine chochote. Lakini lile shimo halikuwa utani. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwake, na aliyemkatakata ng'ombe yule alikuwa ni yeye mwenyewe.

Kati ya nyumba yetu na shule palikuwa na mto mkavu, mchanga mtupu isipokuwa mvua ikinyesha kubwa. Asubuhi iliyofuata nilishuka humo na kikopo mkononi, nikafungua kifuniko. Makohozi yalikuwa mazito, ya rangi ya majani makavu, na katikati yake ulipita uzi wa damu. Sikuwa na haja ya bwana mifugo kuniambia. Nilichimba mchanga kwa kisigino, nikayamwaga, nikayafukia na kukanyaga juu. Nikakisugua kikopo kwa mchanga safi. Halafu nikakumbuka kwamba mate hayatakiwi, yatoke ndani kabisa, nikaweka kiganja juu ya tumbo, nikakandamiza kiwambo changu kama nilivyofundishwa, nikakohoa mpaka machozi yakatoka. Nilipata kidogo. Kilikuwa cheupe, kisafi, na nilikifurahia.

"Mwangaluka," nilimsalimia dresa.

"Mwangaluka, mwanangu. Ni ya leo asubuhi?"

"Ya leo asubuhi."

"Kutoka ndani?"

"Ndani kabisa," nilisema, na sikuwa nimedanganya.

Siku ya pili nilifanya hivyohivyo. Ya kwanza niliogopa. Ya pili nilikuwa hodari. Hiyo ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi.

Majibu yalirudi baada ya majuma kadhaa, karatasi ndogo yenye maandishi machache na muhuri wa wino wa zambarau. Dresa alisema hakuna wadudu walioonekana, huenda ni vumbi la pamba limekaa kifuani, akampa dawa ya maji ya kifua. Mama alipiga vigelegele hapohapo zahanati. Baba aliishika karatasi juu, akaitazama kwenye mwanga. "Wamenipiga muhuri," alisema. "Sasa mnaweza kunipangia foleni." Nilicheka kuliko wote. Nilikuwa nimemwokoa baba yangu asiende shimoni, na hakuna aliyejua, na siri ile ilinijaza kifua chote.

Kwa kuwa nilikuwa nimemwokoa, nilijiona nina haki ya kukaa karibu naye kuliko mtu mwingine. Nikitoka shule nilikwenda moja kwa moja kwenye mkeka wake. Nilimsomea kitabu cha shule, yeye akikohoa katikati ya sentensi na mimi nikisubiri. Alipochoka nilimwegemea ubavuni nikasikiliza pumzi zake zikikwaruza, kama kile kisu. Mvua zilikuja zikaisha, pamba ikapandwa ikapaliliwa, na baba akapungua mpaka mkanda wake ukamzunguka mara mbili. Watu walianza kusema amerogwa. Mama alianza kuwasikiliza.

Halafu nikaanza kukohoa mimi. Mwanzoni nililifanya siri. Mama alinikamata asubuhi moja nimejifunika blanketi usoni ili asisikie, shati limelowa jasho, na safari hii hakumwamini mtu, alivipeleka vikopo mwenyewe kwa mkono wake. Majibu yalipokuja dresa hakusubiri tumfuate. Alikuja nyumbani kwa miguu, akakaa kwenye kigoda cha baba, karatasi mbili zikiwa juu ya goti lake.

"Ya mtoto yana wadudu wa kifua kikuu," alimwambia mama. "Ya baba yake hayakuwa na kitu. Ukimwangalia huyu baba na kuangalia karatasi hii, haviendi pamoja. Nataka aanze upya." Alimkohoza pale pale mbele yake, akakibeba kikopo mwenyewe. Nilikuwa nimelala ukutani, nikatazama kikopo kile kikitoka mlangoni bila kupita mikononi mwangu.

Trekta la kijiji lilitupeleka Bariadi wote wawili, tumelala juu ya magunia. Wodi ya kifua ilikuwa jengo la pembeni lenye baraza ndefu. Siku ya kwanza, mama alipokwenda kuteka maji, nilijikokota mpaka nyuma ya jengo kulitafuta shimo. Palikuwa na kamba za nguo, mpapai mmoja, na kuku wakiparura. Nikazunguka upande wa pili. Hakuna. Kule barazani watu wenye mapafu mabovu walikuwa wanacheza bao na kugombana nani amekula kete ya nani. Kila asubuhi alikuja muuguzi na sinia la sindano, akatuchoma, akatupa vidonge, akatukaripia tusipomaliza uji. Mmoja wa wale wacheza bao alitushika mikono akatuonyesha alivyonenepa. "Mwezi wa nne huu," alisema. "Nilikuja hapa nimebebwa."

Muuguzi alipokuwa anamtafutia baba mahali pa kuchoma, maana nyama ilikuwa imemwisha, alimwambia mama kwa sauti ya chini, "Huyu mngemwahisha kidogo." Hakuwa anamlaumu mtu. Mimi nilikuwa mkeka wa pili, nikasikia kila neno.

Nilikaa na neno lile siku tatu. Siku ya nne, mama ameenda sokoni, nilimwambia baba. Tulikuwa tumekaa barazani bega kwa bega, miguu juani.

"Baba, yale makohozi ya kwanza yalikuwa yangu."

Hakuelewa. Nikamweleza: mto mkavu, mchanga, kikopo, shimo, mafuta ya taa. Nilisema yote nikiangalia vidole vyangu vya miguu. Nilimsikia akivuta, mbavu zikipanda kwa taabu.

"Vikopo vyote viwili?" aliuliza.

"Vyote viwili."

"Na wakasema ni safi."

"Ndiyo, baba."

Nilingojea anikaripie. Nilingojea hata utani. "Basi siku zile wewe ulikuwa mzima," alisema.

Kisha akashika ukuta akainuka, jambo ambalo hakuwa amelifanya peke yake tangu tulipofika. Akauchukua mkeka wake, akauburuta hatua kwa hatua mpaka mwisho kabisa wa baraza, akauweka chini, akakaa akiwa amenipa mgongo na uso wake umeelekea ukutani. Nilimwita. Alinyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, kunizuia nisisogee. Nililia mpaka wacheza bao wakaacha mchezo wao.

Aliishi siku kumi na moja baada ya hapo, na siku zote hizo hakunigeuzia uso. Aliongea nami kutoka kule mwisho, akiuambia ukuta: kama nimemaliza uji, kama nimekumbuka vidonge, kama ninajua kwamba mayu ni mama na mama haachi watoto wake. Mimi nilijibu ndiyo, baba, huku nikiutazama mgongo wake. Niliziona mbavu zote, na kati ya kila ubavu na mwenzake nikawaona wale ambao hawajakaa chini tangu azaliwe, wakiinua, wakishusha. Nilizihesabu pumzi. Asubuhi ya siku ya kumi na moja niliamka nikaanza kuhesabu kama kawaida, na mgongo haukupanda.

Mimi nilipona. Nilirudi kijijini nimenenepa, na kwa miaka mingi niliamini kwamba baba yangu alikufa akiwa amenikasirikia, na niliona ilikuwa haki yake.

Nilikuwa mtu mzima, mtoto wangu wa kwanza ana miezi miwili, nilipopata mafua ya kawaida tu. Nilikuwa nimekaa kitandani nikimnyonyesha, kikohozi kikanijia, na kabla sijafikiri lolote nikajikuta nimempa bega, uso wangu umeelekea ukutani.